Asiyesema na Haki Yake ya Elimu

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa akili na akamjaalia njia nyingi za kuyadhihirisha yaliyo moyoni mwake, na baada ya kumtakia rehema na amani Mtume wake, lafuata suala ambalo huulizwa na wazazi wengi, baadhi yao kwa ulimi na wengine kwa machozi. Mtoto wa usonji ambaye hasemi kabisa, naye amefikia umri wa kusoma, je, ana haki ya kusomeshwa kama wenzake, au yatosha kulishwa, kuvishwa na kuchungwa asipotee?

Wenye kulijibu suala hili ni makundi matatu. Kundi la kwanza husema kuwa kumsomesha asiyesema ni kumimina maji juu ya jiwe, kwani asiyeweza kujibu hajafahamu. Kundi la pili halimdharau mtoto bali humhurumia. Husema: masikini, asitaabishwe, aachwe ndani na mama yake, Mungu amemsamehe. Kundi la tatu husema kuwa ndani ya kila mtoto wa namna hiyo imejificha akili kamili ya mwanachuoni, wala hapatakiwi ila mtu wa kumshika mkono aandike. Kundi hili la tatu huonekana kuwa lenye rehema kuliko yote, nalo pia lina khatari yake. Yapasa makundi yote matatu yapimwe, moja baada ya jingine, kwa mizani ya haki na kwa khabari zilizothibiti.

KHABARI YA HALI HII

Mwaka 1943 daktari aliyeitwa Leo Kanner, katika mji wa Baltimore huko Marekani, aliandika khabari za watoto 11 aliowaona wakijitenga na watu, wakipenda kila kitu kibaki vile vile kila siku, na matumizi yao ya maneno yakiwa si kama ya watoto wengine. Katika watoto hao 11, watatu hawakusema. Basi tangu siku ile ya kwanza hali hii ilipopewa jina katika vitabu vya utabibu, asiyesema alikuwamo ndani yake. Siku hizi hukadiriwa kuwa katika watu wenye usonji, baina ya robo na theluthi yao hawana maneno, au wana maneno machache mno.

Kisha ikaja dhulma. Kwa miaka mingi walikuwako mabingwa waliosema kuwa sababu ya usonji ni mama mwenye moyo baridi, asiyempenda mwanawe. Bernard Rimland, aliyekuwa mwenye elimu ya nafsi na tena mzazi wa mtoto wa usonji, aliyapinga maneno hayo kwa hoja katika kitabu alichokitoa mwaka 1964. Hata hivyo mwaka 1967 Bruno Bettelheim alitoa kitabu kilichoyaeneza zaidi, na akina mama wengi wakabeba lawama ambayo haikuwa yao. Mwaka 1977, huko Uingereza, walichunguzwa mapacha jozi 21, ikadhihiri kuwa asili ya hali hii imo katika maumbile ya kurithi. Anayemnong'ona jirani yake leo, kwamba mwanawe hasemi kwa sababu ya jicho, au kwa sababu mama alivunja mwiko, na ajue kuwa anairudia dhulma ile ile iliyofanywa na watu wenye shahada kubwa, nayo imekwisha kubatilika.

Na kutosema kwenyewe si jambo moja. Yuko ambaye masikio yake husikia vizuri, lakini maneno humfikia kama kelele za soko, hayachambuliki. Yuko ambaye hufahamu asemwalo, lakini kinywa na viungo havimtii anapovitaka vitende. Yuko ambaye hufahamu kidogo, na yuko ambaye hufahamu mengi kuliko anavyodhaniwa. Mwalimu anayemtazama kwa nje hawezi kujua ni yupi kati ya hawa aliyeketi mbele yake. Hilo ndilo la kuliweka moyoni, kwani jawabu la kundi la kwanza limejengwa juu ya kulisahau.

JAWABU KWA KUNDI LA KWANZA

Wasemao kuwa asiyejibu hajafahamu wameufanya ulimi kuwa ndio mizani ya akili. Kosa hili ni jepesi kuingia, khasa chuoni, ambako mtoto hujulikana kuwa amehifadhi kwa kuisikia sauti yake. Mwalimu humsomea, wanafunzi wakaitikia, na asiyeitikia huhesabiwa kuwa hayumo. Lakini mizani ikiwa haimpimi mtu, kosa ni la mizani.

Hili limejaribiwa. Katika mji wa Montreal, huko Kanada, wachunguzi waliwajaribu watoto 30 wa usonji waliokuwa na maneno machache au hawana kabisa, katika skuli maalumu za wenye shida kubwa zaidi, na khabari zake zikatolewa mwaka 2015. Walipopewa mtihani wa akili wa kawaida, ambao sehemu yake kubwa hutaka maelezo na majibu ya maneno, hakuna hata mmoja aliyeweza kuumaliza. Kisha wakapewa mtihani wa namna nyingine, ambao ni ubao wenye picha iliyopungua kipande, na mtoto hutakiwa achague kipande kinachoijaza nafasi. Watoto 26 waliumaliza, na katika hao, 17 walipata alama zilizo ndani ya kiwango cha watoto wengi wa umri wao. Watoto ni wale wale, na akili zao ni zile zile. Kilichobadilika ni namna ya kuulizwa.

Tena, asiyesema leo si lazima asiseme kesho. Huko Marekani zilitazamwa khabari za watoto 535 wa usonji ambao walipokuwa na miaka 4 walikuwa nyuma sana katika maneno, na natija yake ikatolewa mwaka 2013. Walipofikia miaka 8 na zaidi, 70 katika kila 100 walikuwa wakiyaunganisha maneno, na 47 katika kila 100 walikuwa wakisema kwa wepesi. Basi mzazi aliyeambiwa mwanawe akiwa na miaka 4 kuwa hakuna la kutumainiwa, ameambiwa neno ambalo msemaji wake hakuwa na haki ya kulisema. Na wale waliobaki bila ya maneno, ndio ambao suala hili linawakhusu zaidi, kwani wao hawana mtu wa kuwadai haki yao.

Na katika visa vya Kurani limo la kuzingatiwa. Nabii Zakaria alipewa alama ya kutosema na watu kwa siku tatu, akatoka mihrabuni akawaashiria watu wake, nao wakamfahamu. Bibi Mariamu aliweka nadhiri ya kutosema, na watu walipomshutumu alimwashiria mtoto. Wawili hawa walikuwa katika ukamilifu wa akili na utukufu, na ulimi umenyamaza. Hali yao si hali ya mtoto wa usonji, wala hailinganishwi nayo. Lakini mwenye kuvisoma visa hivyo hawezi tena kusema kuwa kimya na upungufu wa akili ni kitu kimoja. Na yule kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, alipokuja kutaka elimu, Mtume alilaumiwa katika Kurani kwa kumkunjia uso na kumshughulikia mtu mkubwa badala yake. Ikiwa lawama hiyo ilimfikia Mtume kwa kukunja uso mara moja tu, nao ni uso ambao kipofu hakuuona, hali ya mwenye kufunga mlango wa skuli iwe vipi?

Maulamaa wa fiqhi nao hawakumwacha bubu nje ya mlango. Kanuni yao mashuhuri ni kuwa ishara ya bubu inayofahamika husimama mahali pa maneno ya ulimi. Kwa ishara yake huuza na kununua, huoa na kuacha, isipokuwa katika mambo machache ambayo wamekhitilafiana. Kanuni hiyo imo katika kifungu cha 70 cha Majalla, kitabu cha sheria kilichotolewa na dola ya Uthmaniya baina ya mwaka 1869 na 1876. Basi ikiwa kadhi humngoja bubu akafahamu makusudio yake katika shamba au katika ndoa, mwalimu ana udhuru gani wa kutomngoja katika alifu na be?

JAWABU KWA KUNDI LA PILI

Ama wenye kuhurumia, huruma yao haikataliwi, bali itazamwe inamfikisha wapi mtoto. Mtoto aliyeachwa ndani bila ya kufundishwa njia yoyote ya kusema haja yake, hukua akawa mtu mzima asiyeweza kusema kuwa jino lauma. Hawezi kusema kuwa amekwisha kushiba, au kuwa chumba hiki kina joto, au kuwa mtu fulani humpiga mama akitoka. Akiumwa hulia au hujipiga kichwa, na watu husema kuwa wazimu umempanda. Na mtu mwovu, amwonapo mtu asiyeweza kushitaki, humfanya kuwa windo lake. Kumfundisha mtoto huyu neno "sitaki", kwa picha au kwa mkono au kwa mashine, ni kumpa ngao. Huruma inayomnyima ngao hiyo humpendeza mwenye kuhurumia, na madhara yake humfika anayehurumiwa.

Tena wazazi hufa. Kila mzazi wa mtoto wa namna hii, usiku anapokosa usingizi, huwaza jambo moja tu: nani atamfahamu nikiondoka? Mama huijua kila sauti ya mwanawe na kila mkunjo wa uso wake, lakini lugha inayojulikana na mtu mmoja tu huzikwa pamoja na mtu huyo. Elimu humpa mtoto njia ambayo hata mgeni huifahamu. Hapo ndipo mama hupata usingizi.

Na watu wa mataifa walikwisha kulipita shauri hili la kumficha mtoto, na wakaona ubaya wake. Uingereza, hadi sheria ya mwaka 1970, serikali iliweza kumwandika mtoto kuwa hafai kusomeshwa skulini, naye akakaa nyumbani au akapelekwa katika majumba ya kutunzia wagonjwa. Sheria hiyo iliondoa jambo hilo, na kila mtoto akawa ana haki ya skuli. Lakini wako wasiongoja sheria. Mwaka 1962 mwalimu Sybil Elgar alianza kuwasomesha watoto wa usonji katika chumba cha chini cha nyumba yake mjini London, na mwaka 1965 ikafunguliwa skuli yao katika mtaa wa Ealing. Marekani ilitoa sheria yake mwaka 1975. Na mwaka 2017 mahkama yake kubwa, majaji wote kwa neno moja, ilihukumu katika daawa ya mtoto wa usonji wa jimbo la Colorado kuwa haitoshi skuli kumpa mtoto faida ndogo isiyo na maana, bali yapasa impangie masomo yatakayomwezesha kuendelea kwa kadiri ya hali yake. Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 yaliiandika haki ya elimu kwa kila mwenye ulemavu. Kenya iliyaridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Basi anayefunga mlango leo katika nchi hizi huvunja ahadi ambayo nchi yake imekwisha kuitia sahihi.

NJIA ZA KUFUNDISHA

Ikiwa mtu atauliza: atafundishwaje asiyesema? Jawabu lake ni kuwa njia ziko, wala zote hazihitaji mali nyingi. Iko njia ya picha. Mtoto hufundishwa kumpa mwalimu kipande chenye picha ya kitu akitakacho, na mwalimu humpa kitu hicho papo hapo, hata mtoto afahamu kuwa neno lake lina nguvu. Mpango mashuhuri wa namna hii ulitungwa mwaka 1985 huko Delaware na Andy Bondy na Lori Frost, na karatasi, mkasi na kalamu za rangi zatosha kuuanza. Iko pia njia ya kuipanga siku kwa picha ukutani, ili mtoto ajue linalokuja baada ya hili, kwani fazaa yake nyingi hutokana na kutojua. Na iko mashine ndogo ya mkononi itoayo sauti inapoguswa.

Wazazi wengi huogopa kuwa mtoto akipewa picha au mashine, ulimi wake utazidi kulala. Khofu hii ni ya kweli, lakini haina msingi. Mwaka 2006 zilikusanywa khabari za watu 27 wenye ulemavu wa maumbile waliofundishwa njia hizi. Katika kila 100, 89 walizidi kusema, 11 hawakubadilika, na hakuna hata mmoja aliyepungukiwa. Na mwaka 2014, katika watoto 61 wa usonji wa miaka 5 hadi 8 wenye maneno machache, wale waliofundishwa pamoja na mashine ya sauti walizidi kusema kuliko wenzao waliofundishwa bila ya mashine hiyo. Basi picha ni daraja, na hakuna aliyeacha kuvuka mto kwa sababu ya kujengewa daraja.

Jambo kubwa kuliko vyombo vyote ni kungoja. Mwalimu huuliza, huhesabu mapigo mawili ya moyo, kisha hujijibu mwenyewe. Na mtoto huyu huenda jawabu lake likawa njiani, mkono wake ukijitahidi kulifikia. Na asinyang'anywe picha zake wala mashine yake kwa kuadhibiwa, kwani hiyo ni sawa na kumfunga kinywa msemaji. Na asizuiliwe harufi kwa hoja ya kuwa hasemi. Herufi humfaa zaidi yule asiye na sauti, kwani picha huishia katika vitu vinavyoonekana, lakini harufi chache humwezesha mtu kusema kila neno.

JAWABU KWA KUNDI LA TATU

Limebaki kundi la tatu. Iko njia iliyoanza Australia katika miaka ya 1970, ikaenea Marekani katika miaka ya 1990, ambayo msaidizi humshika asiyesema mkono au kiwiko, naye akagusa herufi moja moja. Wazazi waliokaa miaka mingi bila ya kusikia neno wakasoma barua za mapenzi na mashairi, wakalia kwa furaha. Nani awezaye kuwalaumu? Lakini mwaka 1993 lilifanywa jaribio la wazi. Asiyesema alionyeshwa picha moja, na msaidizi wake akaonyeshwa picha nyingine, wala hakuna aliyeiona ya mwenziwe. Maneno yaliyoandikwa hayakuwa jina la picha aliyoiona mwenye kushikwa mkono, bali yalikuwa jina la ile aliyoiona msaidizi. Wasaidizi hawakuwa waongo. Wao wenyewe hawakujua kuwa ni mikono yao iliyokuwa ikisema. Majaribio mengine yakaleta natija hiyo hiyo, na mwaka 1994 chama cha Marekani cha wenye elimu ya nafsi kikatoa tamko kuwa njia hiyo haijathibiti. Mwaka 2018 chama cha waganga wa maneno cha nchi hiyo kikairudia hukumu hiyo, na kikatahadharisha pia na njia nyingine ambayo msaidizi huushika ubao wa herufi mbele ya mtoto. Na lililo zito zaidi ni kuwa baba na mama kadha wa kadha walishitakiwa kwa maovu makubwa kwa maneno yaliyoandikwa hivyo, nyumba zikavunjika, kisha ikabainika kuwa mtoto hakulisema lile neno.

Hapa ndipo kanuni ya pili ya maulamaa inapohitajiwa, nayo imepokewa kwa Imamu Shafii, na imo katika kifungu cha 67 cha Majalla: aliyenyamaza hanasibishiwi neno. Kanuni hizi mbili ni kama bawa mbili za ndege mmoja. Ya kwanza humwambia mtu: usiikatae ishara ya bubu iliyo yake. Ya pili humwambia: usimpachikie neno lisilo lake. Kumnyima mtu sauti ni dhulma, na kumvalisha sauti ya mwingine ni dhulma pia, kwani wa kwanza amemfanya kuwa jiwe, na wa pili amemfanya kuwa kinyago cha kuzungumzia. Naye mwenyewe, pamoja na makusudio yake ya kweli, hakusikilizwa na yeyote kati yao.

Lakini haifai mtu kutoka katika kosa la tatu akarudi katika kosa la kwanza. Kubatilika kwa barua hizo hakukuthibitisha kuwa waliozinasibishiwa hawajui kitu. Mwaka 2024, huko Virginia, zilitolewa khabari za vijana na watu wazima 31 wa usonji wasiosema, waliowekewa herufi ziwakazo taa moja baada ya moja, na kazi yao ni kuzigusa kwa mikono yao wenyewe, bila ya kushikwa. Wengi wao waliziwahi upesi zaidi herufi zilipokuwa zikiandika maneno yenye maana, kama mtu ajuaye ni herufi gani itakayofuata. Hilo si dalili ya kuwa kila asiyesema ni mwanachuoni. Ni dalili ya kuwa baadhi yao huenda wanajua tahajia, na hakuna aliyekuwa ametambua.

Basi adabu ya msaidizi ni hii. Mkono uwe wa mtoto. Msaada utolewe kwa nia ya kuuondoa, kama mwenye kumfundisha mtu kuogelea. Na neno zito likitoka, lipimwe kwa kuuliza jambo ambalo msaidizi halijui. Kupima si kumdhania mtoto ubaya, bali ni kumhifadhia haki ya kuwa neno lake ni lake. Na "sitaki" moja iliyotoka kwake, ijapokuwa kwa picha iliyochakaa, ina thamani kuliko kurasa mia zilizotoka kwa mwingine.

KHATIMA

Atasema mtu wa hisabu: mwalimu mmoja kwa watoto wachache, miaka mingi, faida kidogo, na wako watoto wepesi wa kufahamu ambao hawana madawati. Maneno haya yana uzito, kwani mali ya skuli ni kidogo. Lakini deni halilipwi kwa kutazamwa ufasaha wa mwenye kudai. Anayemlipa mwenye sauti kubwa na kumwacha mnyamavu hakufanya uadilifu, bali amewaogopa wenye makelele tu. Na kama hakuna kitakachowezekana mwaka huu ila picha kumi zilizochorwa na mwalimu mmoja katika chumba kimoja, basi hizo picha kumi ni wajibu, na udhuru ni wa kisichowezekana tu.

Jawabu la suala la wazazi ni hili: mtoto huyo ana haki ya kusomeshwa, wala haki yake haikusimama juu ya kuthibitisha kwanza kuwa ana akili. Ni juu ya mwalimu kuutafuta mlango, si juu ya mtoto kuupiga mlango kutoka ndani. Asidhaniwe kuwa mtupu, asifichwe kwa huruma, wala asisemewe. Afundishwe, angojwe, na asikilizwe. Na huenda siku moja, baada ya miaka mitatu ya kazi isiyoonekana, mtoto akatoa picha ya kikombe, akampa mama yake bila ya kuambiwa, na mama akatia maji. Mwenye kupita njiani ataona mtoto anakunywa maji tu. Lakini mle ndani ya nyumba, mtu ameomba, na amepewa.

Wallahu aalam.